Sura ya Tano: Albamu za Giza

Hapa Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi ndio unaopanga kazi. Ukiwa mwembamba, au haupo kabisa, tunasema ni giza, na vipe, mitumbwi yetu ya kuvulia dagaa kwa taa, vinaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Ukishajaa mpaka unaangaza mchanga wa mwaloni, dagaa hawafuati tena taa za wavuvi kwa sababu ziwa zima ni taa. Basi vijana wanakaa nchi kavu siku nane au kumi, wanashona nyavu, wanapanda kwenda Kigoma mjini, wengine wanaposa.

Mimi ni karani wa kipe cha mjomba wangu. Kila asubuhi ya giza nasimama mwaloni na daftari, nahesabu ndoo za dagaa, naandika mama gani kachukua ngapi na kalipa nini. Kazi hiyo inakwisha saa tatu. Saa zinazobaki, kwa miaka mingi sasa, nimezitumia kusikiliza muziki. Mwaka 2024 nilijiwekea sharti ambalo sikuwahi kujiwekea kabla: kusikiliza albamu nzima, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka, na kuirudia mpaka niielewe.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kizazi changu hakikukulia kwenye albamu. Bendi kubwa za Dar es Salaam za zama za wazazi wetu, Mlimani Park, Juwata, Vijana Jazz, zilirekodi nyimbo zao katika studio ya Redio Tanzania, na nchi haikuwa na kiwanda chake cha kutengeneza sahani za santuri. Nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilipitia Nairobi. Nyingine zilibaki kwenye kanda za redio, na watu walizipata kwa kungoja kipindi, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kurekodi. Kanda ya nyumbani ilikuwa na Mlimani Park upande mmoja, Franco upande wa pili, na sauti ya mtangazaji ikikata katikati. Baadaye zikaja flashi na memori kadi. Leo unakwenda kibandani, unalipa, unawekewa nyimbo mia tatu, na simu inazipanga kwa alfabeti.

Mwezi Januari nililipia kadi ya namna hiyo kwenye kibanda kimoja mjini. Niliomba albamu kumi na mbili. Nilipofika nyumbani nikakuta nyimbo zimechanganyika kama dagaa na samaki wengine kwenye wavu mmoja, nyingine zimekatika kabla ya gitaa la mwisho, mbili zimebandikwa jina la msanii ambaye si mwenyewe. Nilikaa jioni tatu nikitafuta mpangilio halisi wa kila albamu, nikaandika mbele ya kila wimbo 01, 02, 03, kwa kidole, mpaka betri ikaisha. Jioni zile tatu zilinifunza kitu. Mtu aliyepanga nyimbo kumi kwa utaratibu fulani alikuwa na neno la kusema kwa huo utaratibu wenyewe, na sisi huku tumekuwa tukisikia maneno yaliyovurugwa.

Albamu ya kwanza niliyoiweka sawa ilikuwa *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila. Ilitoka mwaka 1989 kwa lebo ya Real World, ile ya Peter Gabriel, na ilirekodiwa Uingereza. Nyimbo zake kadhaa nilikuwa nikizijua kama anavyozijua kila Mtanzania, moja moja, kwenye daladala na kwenye misiba. Kuzisikia zikiwa zimeketi pamoja ni jambo jingine. Magitaa yanaingiana kama nyuzi za wavu. La kwanza linatembea, la pili linalijibu, besi inashika chini kama jiwe la nanga, na ngoma haiharakishi kitu. Juu yake inakuja sauti ya Remmy, ambayo ukiisikiliza kwa makini haiimbi sana. Inaongea. Inamtazama mtu mmoja usoni na kumweleza.

Nilikuwa nimeiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikuzwe, nje ya nyumba ya mjomba, usiku wa mbalamwezi. Mjomba akatoka na kiti chake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huyo Remmy?"

"Ndiye."

Akanyamaza wimbo mzima. Ulikuwa "Muziki Asili Yake Wapi". Ulipokwisha akasema, "Sikia anavyotamka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akitamka bibi yako kule Ujiji. Huyu ni Mmanyema."

Nilikwenda kuhakikisha, na mjomba hakukosea. Remmy alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji wa Maniema ulioko kando ya mto Lualaba, mashariki mwa Kongo. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. (Mjomba wangu alilipenda sana hilo la mjomba.) Sasa Ujiji ni mji wa Wamanyema. Wazee wao waliletwa au walikuja kutoka nchi hiyohiyo ya ng'ambo katika karne ya 19, wakati wa misafara ya pembe na watumwa, na Kiswahili chao bado kina ladha ya huko. Katika albamu yake iliyofuata, *Mambo* ya mwaka 1992, Remmy ana wimbo ulioandikwa "Inchi Yetu", kwa *i* hiyo ya mbele. Mwalimu wa shule angeipigia mstari mwekundu. Bibi yangu asingeona kosa lolote. Nilikuwa nimemsikiliza Remmy miaka yote kama mtu wa Sinza, kwa kuwa kule Dar kuna sehemu ya Sinza inayoitwa kwa jina lake. Sikuwa nimemsikia kama mtu wa kwetu.

*Songs for the Poor Man* ndiyo albamu yangu ya mwaka. Naisema mapema ili msomaji asingoje. Niliisikiliza zaidi ya mara arobaini, na "Kipenda Roho" niliusikia majini, mbali na pwani, mwezi Machi, nilipoomba kwenda na vijana usiku mmoja. Uvuvi wa kipe una kungoja kwingi. Unafika, unawasha taa, unashusha wavu chini kabisa, halafu unakaa. Chini yako kuna maji ambayo penye kina kirefu zaidi yanafika mita 1,470. Hakuna la kufanya mpaka dagaa wakusanyike kwenye mwanga. Muziki wa haraka hauwezi kukaa kwenye kungoja kule, unawachosha watu. Muziki wa polepole sana unawalaza, na kulala ni hatari. Remmy alikaa sawasawa. Kijana anayeshika kamba ya mbele alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, macho kwenye maji, na nikajua kwamba hayo magitaa yanajua kungoja.

Tangu usiku ule nikaanza kuzigawa albamu zangu mafungu mawili: za giza na za mbalamwezi. Za giza ni zile zinazoweza kwenda kazini. Za mbalamwezi ni zile zinazotaka ukae nazo nyumbani, watoto wamelala, kichwa kimetulia. Fungu la pili ni kubwa zaidi, na mwaka huo lilipata nafasi ambayo halijawahi kuipata, kwa sababu ziwa lilifungwa.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, miezi mitatu kamili, ili samaki wazaliane. Mitumbwi ilivutwa juu ya mchanga. Vichanja vya kuanikia dagaa vikabaki vitupu, na kina mama wanaoshinda hapo kila siku wakawa wanakaa kivulini wakisuka nywele. Wengine walikwenda kulima, wengine walifungua vibanda vya maandazi. Usiku ulipoingia, mstari wa taa uliozoea kuonekana ziwani kama mji wa pili haukuwepo. Ziwa lilikuwa jeusi, na kimya chake kilikuwa kizito. Nilikuwa karani asiye na cha kuhesabu.

Katika kimya hicho ndipo nilipoielewa albamu ambayo rafiki yangu mfanyabiashara aliniletea kutoka Bujumbura kwenye flashi. Ni mkusanyo wa lebo ya Ocora ya Ufaransa, *Burundi: Musiques traditionnelles*, uliorekodiwa na Michel Vuylsteke mwaka 1967. Nilikuwa nimejaribu kuusikiliza mwezi Februari, mwaloni, nikaona hauna kitu. Injini moja ya boti ilitosha kuufuta. Mwezi Juni nikaufungua tena, saa nne usiku, mlango umefungwa, na ikanibidi nizime hata feni.

Kuna mzee anayepiga inanga. Inanga ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo, mrefu, unafanana na mtumbwi mdogo, na juu yake uzi mmoja umepitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa mpaka ukawa nyuzi nane hivi. Sauti yake iko chini mno. Mtu akiimba juu yake kwa sauti ya kawaida ataizima. Kwa hiyo mzee haimbi, ananong'ona. Na hapa pana maajabu ambayo nimeyasikiliza usiku baada ya usiku bila kuyachoka: mnong'ono hauna noti, hauwezi kupanda wala kushuka kama wimbo, lakini nyuzi zikipanda chini yake sikio lako linaupandisha mnong'ono nao. Unaapa kwamba mzee anaimba. Ukisogeza sikio karibu unakuta ni pumzi tupu na ubao. Kirundi na Kiha cha huku kwetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo neno hapa na neno pale lilinifikia, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Kwenye mkusanyo huohuo kuna akazehe, salamu zinazoimbwa na wasichana. Shangazi yangu, ambaye hana haja na muziki wangu hata kidogo, alikuwa akipita na ndoo ya maji akasimama. "Mwakeye," akaiambia simu, kama mtu anayeitikia hodi. Akacheka, akaomba nirudishe nyuma. Tulirudisha mara tano.

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu, na ndiko alikozaliwa Khadja Nin. Albamu yake *Sambolera* ya mwaka 1996 ilipata wasikilizaji wengi Ulaya, akiimba kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, wakati ambapo redio za huku kwetu zilikuwa bado zinajiuliza kama Kiswahili kinauzika nje. Nakiri kwamba kinanda chake cha studio kinanikaa vibaya. Ni laini mno, kimesafishwa mno, kama samaki aliyeondolewa mifupa yote. Sauti yake lakini ina uzito wa mtu aliyeondoka kwao na hajaacha kupaona. Niliisikiliza mwezi Julai, kipindi cha upepo wa kusini, milima ya Kongo imezibwa na vumbi, na "Sambolera Mayi Son" ilinigusa kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Wengi wa majirani zangu walizaliwa kambini au na wazazi waliopita kambini. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo kwa miongo kadhaa. Wimbo wa Mrundi aliye mbali na kwao, hapa hauhitaji maelezo.

Jirani wa *Sambolera* kwenye daftari langu ni *Wapi Yo* ya Lokua Kanza, ya mwaka 1995. Lokua alizaliwa Bukavu mwaka 1958, baba Mkongo na mama Mnyarwanda. Ni gitaa moja na sauti nyingi zilizopangwa juu ya nyingine, nyingi ni zake mwenyewe, na kila kitu kimeachiwa nafasi ya kupumua. Sitaisema sana. Ni albamu ya mbalamwezi kuliko zote, na anayeitaka aitafute.

Ilikuwa wakati naandika majina hayo, Bukavu, Bujumbura, Kindu, ndipo nilipochukua ramani ya ukutani ya mtoto wa mjomba na kuanza kufuata kwa kidole. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu. Maji ya Kivu yanatoka kwa mto Ruzizi, yanashuka, yanaingia Ziwa Tanganyika pale jirani na Bujumbura. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaoanzia Kalemie, ng'ambo. Lukuga unakwenda magharibi mpaka kwenye Lualaba. Na Lualaba unapanda kaskazini, unapita Kindu.

Nilikaa chini. Albamu nilizozipenda kuliko zote mwaka ule, ambazo nilizichagua moja moja bila mpango wowote, zilikuwa zimejipanga kwenye maji mamoja. Maji ya Lokua yanashuka kwa Khadja Nin na kwa yule mzee wa inanga, yanapita mbele ya nyumba yetu hapa Katonga, kisha yanakwenda kwa Remmy.

Kwa watu wa Dar, Kigoma ni mwisho wa reli. Jina hilo tumelizoea na hata sisi tunajiita hivyo. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na kweli ukiwa kwenye treni, hapa ndipo inapokoma. Lakini sikio langu halikusafiri kwa treni mwaka ule. Lilisafiri kwa maji, na kwa maji Kigoma iko katikati ya njia.

Hilo halina maana kwamba nilisikiliza wa ng'ambo peke yao. Vijana wasingenisamehe. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikutana wakajiita Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wa "Leka Dutigite", jina la Kiha lenye maana ya "acha tujidai", na tangu hapo kila mtoto wa hapa anaweza kukutajia orodha ya wasanii wenye asili ya hapa: Diamond, Alikiba, Mwasiti, Linex, Peter Msechu, na wengine. Wimbo ule mmoja ulirudisha Kiha kwenye redio za taifa kwa kiburi. Kwa upande wa albamu nilichagua *Only One King* ya Alikiba, iliyotoka Oktoba 2021, nyimbo 16. Ni ndefu kuliko inavyostahili. Wageni ni wengi, Sauti Sol wa Kenya, Mayorkun wa Nigeria na wenzao, na mara nyingine mwenye nyumba anapotea katikati ya wageni wake. Anapobaki peke yake, kwenye "Utu", unakumbuka kwa nini tulimpenda tangu "Cinderella". Sauti yake inakunja neno mwishoni kwa namna ambayo wazee wa taarabu wangeitambua. Naiweka fungu la giza, kwa sababu vijana wa kipe wanaijua yote na wanaimba nayo wakivuta wavu, na wavu unaovutwa kwa wimbo unapanda sawa pande zote.

Singeli nilijaribu pia, *Sounds of Sisso*, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kazi ya vijana wa studio ya Sisso kule Mburahati. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Naiheshimu. Ni sauti ya vijana wasio na muda wa kupoteza, na wameitengeneza kwa kompyuta za bei ndogo bila kumwomba mtu ruhusa. Watoto wa shule ya msingi waliicheza mwaloni jioni nzima, wakainua mchanga, na mimi nilifurahi kuwaona kuliko nilivyofurahi kuisikia.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti, na mwezi ulikuwa siku nne tu kabla ya kujaa. Walioingia siku ile walirudi na kidogo. Mjomba hakwenda. "Tumengoja miezi mitatu," alisema, "tutashindwa kungojea wiki mbili?" Giza kamili lilikuja mwanzoni mwa Septemba, na hakunikatalia nilipoomba tena kwenda na vijana.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Vijana walikuwa na furaha ya watu waliorudishiwa nyumba yao. Taa zikawashwa, wavu ukashuka, injini ikazimwa, na kaskazini na kusini yetu ule mji wa taa ukawa umerudi, taa kwa taa. Simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya ndoo tupu ya dagaa. Niliwawekea Remmy, albamu nzima, kwa mpangilio wake. Ilipokwisha walitaka Kiba, wakampata.

Halafu ikaja ile saa ya katikati, ambapo hakuna anayeongea. Nikaweka inanga. Sikuwa na hakika, maana nilikuwa nimeiandika kwenye fungu la mbalamwezi, albamu ya mlango uliofungwa. Injini za wengine zilikuwa mbali. Maji yaligonga ubavu wa mtumbwi polepole, na mnong'ono wa mzee yule ukatoka kwenye ndoo, mdogo, ukakaa kati yetu. Yule kijana wa kamba ya mbele aligeuka.

"Kaka, huyo anasema nini?"

"Sijashika yote."

Akainama juu ya ndoo, sikio karibu na mdomo wake, mkono bado kwenye kamba. Alikaa hivyo muda mrefu. Chini ya taa, dagaa wa kwanza walikuwa wameanza kumeta.